Niliwaambia Ni Wachungu

Kichupa cha kwanza kupotea kilikuwa namba kumi na nne. Nilikitafuta chini ya kitanda, ndani ya mabuti, kwenye mikunjo ya chandarua, mwishowe nikajiambia nimekosea kuhesabu. Nilikuwa nimetembea mbugani saa mbili nzima na tochi niliyoifunika kwa karatasi nyekundu, na mtu aliyechoka namba humchanganya. Siku tatu baadaye namba kumi na tano haikuwepo, na ishirini na mbili pia. Hapo nilipaswa kuuliza. Sikuuliza. Chumba kile nilikuwa nimepewa na mama mmoja mjane kwa hisani tu, na kwetu tumefundishwa kwamba mgeni hamuulizi mwenyeji wake habari za kitu kilichopotea ndani ya nyumba yake. Ukiuliza, umeshamwita mwizi.

Nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika chuo kimoja mjini Dodoma, na kazi iliyonipeleka kijijini ilikuwa kukusanya vimulimuli. Watu hucheka nikisema hivyo. Mama yangu kule Kolo alicheka mpaka akautua chini ungo aliokuwa anapepetea. "Watu wanapanda ndege kuja kuangalia michoro ya mapango yetu," alisema, "na wewe unaondoka kwenda Ugogoni kukamata wadudu wa mwanga?" Kaka yangu, anayefanya kazi kwenye ofisi za wizara kule Mtumba, hakucheka. Aliniuliza kama nina barua ya utambulisho. Nikamwambia ninayo. Akauliza kama ina mhuri. Nikamwonyesha mhuri.

"Basi tembea nayo," akasema. "Usiiache kwenye begi. Kijijini mtu akiokota vitu visivyookotwa, watu hujiuliza anavipeleka wapi."

Nilidhani anatia chumvi.

Msimamizi wangu wa masomo alikuwa mwalimu wa maneno machache, na namna alivyonieleza kazi yangu sijawahi kuisahau. Mbawakawa wanaowaka duniani, alisema, ni jamaa, lakini si nyumba moja. Wapo hawa vimulimuli wetu. Wapo wengine, wengi wao Amerika ya Kusini, ambao ukiwapindua chali hujifyatua na kuruka, nao wana taa mbili nyuma ya kichwa, kushoto na kulia. Wapo pia wale ambao majike yao hubaki na umbo la buu maisha yao yote, wenye vitaa vilivyopangwa ubavuni toka mwanzo wa mwili hadi mwisho, mfano wa madirisha ya treni. Ukoo mkubwa ni mmoja, na ndani yake wapo ndugu wengi sana wasiowaka kabisa.

"Sasa swali," alisema. "Moto huu, waliombana kaa, au kila nyumba ilipekecha wake?"

Nikamwambia sijui.

"Hao wanaojifyatua, vinasaba vinaelekea kuonyesha walipekecha wa kwao peke yao. Hao wengine bado watu wanabishana. Na wa kwetu wa nyanda hizi za kati hawajapangwa vizuri kwenye mti wa nasaba. Nenda mvua ikianza. Niletee na mabuu, siyo wakubwa tu."

Kwa hiyo Desemba, mvua za kwanza zilipoilowesha ardhi, nilishuka kwenye kijiji kimoja ng'ambo ya mashamba ya mizabibu ya Makutupora, pembeni mwa mbuga ya udongo mweusi inayotuamisha maji. Jina lake silitaji. Mtendaji wa kijiji alisoma barua yangu mara mbili, akaigonga mhuri wake, akanipeleka kwa yule mama.

Alikuwa Mgogo mrefu, mkavu, mwimbaji wa kwaya ya kanisani, na msimu ukifika alikuwa akienda kufanya kibarua cha kupogoa mizabibu. Viganja vyake vilikuwa na mistari myeusi ya utomvu isiyotoka kwa sabuni. Nikamsalimu, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu," kisha akanifundisha kusalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," na akacheka nilivyoitamka. Nyumbani alikuwa anaishi na binti yake, ambaye alikuwa rika langu, ameolewa Bahi, miaka minane bila mtoto. Wakwe walikuwa wamemrudisha kwa mama yake. Hawakusema wamemwacha. Walisema akatibiwe kwanza, na akipona atarudi.

Dada yule hakuwa mtu wa manung'uniko. Alikuwa akichota maji, akitwanga uwele, akipika mlenda, na magharibi ikiingia mimi nikimaliza kuswali nilikuwa namkuta mlangoni kashika ile ndoo yangu ya vifaa, yuko tayari kunisindikiza mpaka ukingo wa mbuga. Alikuwa na macho mazuri kuliko yangu. Wanaoruka kila mtu anawaona. Yeye alikuwa anawaona wa chini: mabuu, bapa, weusi, wenye mapingili mapingili, wanaotambaa kwenye matope wakitafuta konokono, na mkiani wana nukta mbili za mwanga wa kijani. Mwanga wao haumweki kama wa wakubwa. Huwaka polepole na kufifia polepole, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

Wakubwa niliwatia kwenye vichupa vya spiriti. Mabuu sita niliwaweka hai kwenye kopo la plastiki lenye matope na konokono, nikalifunika kwa chachi, nikaliweka chini ya meza chumbani. Nilitaka waote mabawa mbele yangu, nijue buu yupi ni mtoto wa nani. Mmoja wao alikuwa ameshajikunja tayari kugeuka, huyo nikamtenga kwenye kikopo kidogo nilichokuwa natembea nacho begini.

Jioni moja jikoni yule mama aliniuliza, "Mwanangu, hivi vinawaka kwa nini?"

Nilifurahi sana kuulizwa. Nikaacha kula. Nikamweleza kwamba wakubwa huwaka wakiitana, dume na jike, kila aina na lugha yake. Lakini mwanzo wa mwanga haukuwa huo. Mabuu wote wa nyumba hii ya vimulimuli wanawaka, hata wale ambao wakikua hupoteza taa kabisa. Na buu hatafuti mchumba. Kwa hiyo wataalamu wanaona kwamba huko nyuma, kabla ya mambo ya mapenzi, mwanga ulikuwa onyo kwa ndege na vyura na mijusi: usinile.

"Kwa nini wasiliwe?" aliuliza binti.

"Kwa sababu ni wachungu."

"Wachungu?"

"Sana. Wana uchungu mwilini mwao. Anayemla mmoja leo, kesho akiona mwanga huo anakumbuka."

Mama alimega tonge la ugali. Kisha akasema, "Kwa hiyo mdogo ndiye mwenye uchungu wenyewe."

"Wote wanao," nikasema, "ila ndiyo, wadogo ndio walioanza."

Nimelirudia neno hilo, wachungu, kichwani mara nyingi. Ningeweza kusema sumu. Neno sumu nilikuwa nalo, kwenye daftari langu nililiandika ukurasa baada ya ukurasa. Lakini sikutaka kuwaogopesha watu walionilaza chini ya paa lao nikiwa na kopo la wadudu hao hao chini ya meza. Nikachagua neno laini. Na katika nyumba ambayo mwarobaini unachemshwa, ambamo mtoto hushikwa pua anyweshwe kilicho kichungu kwa sababu ndicho kinachoponya, nilikuwa nimetaja dawa.

Ilipofika katikati ya Januari mvua ilisimama. Wiki ya kwanza watu walisema ni kawaida. Wiki ya pili uwele ulianza kujikunja majani mchana. Wiki ya tatu matope ya mbuga yakapasuka vipande, na mimi nikawa natembea mbali zaidi kupata wadudu. Ndipo niliposikia neno nyota kwa mara ya kwanza.

Nilikuwa natoka dukani. Wanawake wawili walikuwa wamekaa barazani wakichambua mboga, nikawasalimu, hawakuitika. Nilipopita mmoja akasema, bila kushusha sauti, "Anazitia kwenye chupa. Nyota za watu zikifungiwa, mvua itatoka wapi?"

Nilimweleza dada yule, nikitarajia tucheke. Hakucheka. "Wanasema hivyo siku nyingi," akasema. "Wanasema kila taa ni nyota ya mtu hapa, na wewe unaziuza mjini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakubebea ndoo. Unadhani wananiambia nini?"

Jioni iliyofuata niliikuta mitego yangu imefukuliwa. Ilikuwa vikombe vya plastiki nilivyovizika usawa wa ardhi ili watambaao wadumbukie. Vyote kumi na viwili vilikuwa vimetolewa, vimepangwa mstari mmoja njiani, vimejazwa majivu hadi pomoni. Hakuna kilichopasuliwa. Afadhali vingepasuliwa. Ningejua ni ng'ombe, au ni utundu. Majivu yale mtu alikuwa ameyabeba kutoka jikoni kwake, akainama mara kumi na mbili.

Nilikwenda kwa mtendaji. Alinisikiliza huku anaangalia nje. Akasema barua yangu iko sawa, mhuri uko sawa, lakini kama kazi imekaribia kwisha si vibaya nikawahi kuondoka. "Watu wana njaa ya mvua," akasema. "Mimi ni mtu mmoja." Nilimpigia simu msimamizi wangu, naye akasema rudi kesho. Nikamwomba siku nne, kwa sababu yule buu aliyejikunja alikuwa ameanza kubadilika rangi. Alikuwa karibu kutoka. Kwa ajili ya mdudu mmoja niliomba siku nne, na sitaki kujitetea juu ya hilo.

Alitoka siku ya tatu, alfajiri. Alikuwa mweusi tii, mwembamba, mwenye mabawa kamili, na hakuwa na taa. Nilimgeuza tumbo juu, nikamtia gizani chini ya khanga, nikasubiri. Hakuna kitu. Utotoni alikuwa amewaka mikononi mwangu, na sasa alikuwa mdudu wa kawaida ambaye mtu angempiga kwa kandambili asijue amemuua nani. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nikainama chini ya meza kuwaangalia ndugu zake watano.

Kopo halikuwa na buu hata mmoja. Chachi ilikuwa imefungwa vizuri kwa mpira wake. Konokono walikuwepo.

Bado nilikuwa nimepiga magoti pale nilipomsikia mama anaita jina la binti yake uani, mara moja, mara mbili, kisha kwa sauti nyingine kabisa.

Dada alikuwa ameanguka karibu na mtungi. Alikuwa ametapika hadi anatapika povu. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Nilipomshika mkono kutafuta mapigo niliyapata, yakapotea, nikayapata tena, yakiwa yamepishana sana, kama mtu anayebisha hodi huku anaogopa kufunguliwa. Nikamuuliza amekula nini. Alitikisa kichwa. Nikamuuliza mama. Mama alikuwa amekaa kichwani pake, anampangusa kwa upande wa khanga yake.

Zahanati hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumtundikia maji. Mwenye gari la kubebea zabibu akakubali kutupeleka mjini. Njia nzima nilikaa nyuma na yule dada, kichwa chake mapajani kwangu, nahesabu mapigo. Kijiji kizima kilikuwa kimetoka kusimama kando ya barabara. Hakuna aliyepunga mkono. Hakuna aliyeuliza anaumwa nini.

Hospitalini daktari kijana aliuliza lile swali: "Amekunywa nini?" Mama akaangalia sakafu. Nikasema mimi. Nilimweleza daktari kila kitu: vichupa vilivyopotea, kopo tupu, kwamba wadudu hawa baadhi ya jamaa zao wanajulikana kuwa na sumu inayoshika moyo, inayofanana na ya chura, kwamba vichupa vilikuwa na spiriti ya maabara, kwamba hawa wa kwetu hakuna aliyewahi kuwapima. Daktari aliandika, akasimamisha kalamu, akaniangalia.

"Wewe ni nani wake?"

Mama akasema, bado anaangalia sakafu, "Ni mwanangu pia."

Walimweka kwenye mashine ya kuangalia moyo siku tatu. Siku ya kwanza nilikuwa na hakika atakufa. Siku ya pili mapigo yakaanza kujipanga. Mpaka leo sijui kilichomshika ni wadudu, au ni spiriti, au ni mizizi ya waganga aliyokuwa anapewa pamoja navyo. Daktari naye alisema hajui. Alisema tu kwamba angechelewa nusu siku, tusingekuwa tunazungumza.

Siku ya nne mtendaji alinipigia. Kijiji kiliitisha mkutano, na kilitaka nifike kuchukua vitu vyangu na kujieleza. Kaka yangu wa Mtumba akakataa katakata. "Usiende. Vitu vitanunuliwa vingine." Lakini daftari langu lilikuwa kule, na vielelezo vya wiki tisa, na zaidi ya hapo mama aliniambia, "Twende. Nitakuwa na wewe." Basi kaka akaomba ruhusa kazini, akaazima gari, akatupeleka.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali. Watu walikuwa wamekaa mbele ya ofisi ya kijiji, wanaume upande mmoja na wanawake upande mwingine, kimya. Nilikuwa nimezoea mikutano ya kelele. Kaka alisimamisha gari akaligeuza lielekee barabarani, na hakuzima injini.

Mtendaji alisoma barua yangu kwa sauti. Hakuna aliyesikiliza. Mzee mmoja akasimama akasema barua wanazijua, hata wezi wana barua. Mwanamume mwingine, ambaye nilikuwa nimepita mbele ya nyumba yake kila jioni na kumsalimu, alisema mimi nimekuja na chupa tupu na nitaondoka na chupa zilizojaa, na katikati ya mambo hayo mawili mvua imekatika na binti wa watu amelala kitandani. Akauliza, "Nani mwingine amesogezwa karibu na chupa zake? Nani aliyekuwa anambebea ndoo?" Upande wa wanaume watu walianza kusimama, mmoja mmoja. Hawakukimbia. Nilisikia fimbo zikiokotwa chini.

Yule mama alitembea hadi katikati. Alikuwa bado amevaa khanga ile ile ya siku nne.

"Kaeni," alisema. "Huyu hakumpa binti yangu kitu. Nimempa mimi."

Hawakukaa.

"Nilikuwa naingia chumbani kwake akienda kuoga. Nilichukua vilivyo kwenye chupa kwanza. Havikufaa. Nikachukua vilivyo hai. Nilivisaga, nikavikoroga kwenye uji, nikampa mwanangu anywe, kwa sababu miaka minane nimempeleka kila mahali mnakokujua, na ninyi mnaosimama hapo mnajua ni akina nani walionituma huko. Mgeni alisema ni wachungu. Nikasema basi na hili tujaribu." Akageuka kwa yule aliyeuliza habari za ndoo. "Kama kuna wa kupigwa, mimi hapa. Nimezaliwa hapa, hamna haja ya kuuliza barua."

Mtu mmoja upande wa wanawake akaanza kulia. Mtendaji akasema mkutano umeahirishwa, kwa sauti ya mtu aliyekuwa anatafuta nafasi ya kulisema hilo tangu asubuhi. Kaka alinishika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, alama ilikaa wiki. Tukachukua begi na daftari. Vichupa vyangu vilikuwa mlangoni kwa mama, ndani ya ndoo, vimepondwa pamoja na ndoo yenyewe.

Tulipofika barabara kuu nilitazama nyuma. Moshi ulikuwa unapanda kutoka ukingo wa mbuga. Nyasi zilikuwa kavu kwa wiki nne zile, na wanakijiji walikuwa wamezichoma pande zote mbili, ili kusibaki kinachowaka humo.

Kutoka msimu ule mzima nilibaki na mdudu mmoja, yule mweusi asiye na taa, aliyekuwa begini mwangu. Vinasaba vyake vilifika maabara. Vilimweka ndani kabisa ya nyumba ya vimulimuli, si pembeni. Alikuwa ndugu wa damu wa wale wanaowaka, kutoka tawi lililoiacha taa utu uzimani. Lilikuwa jambo zuri. Watahini walilisifu, kisha wakasema mdudu mmoja hatoshi kusimamisha tawi, nirudi nikusanye wengine. Nikawaambia pale hakuna tena. Kwenye tasnifu yangu tawi lile limechorwa kwa nukta nukta.

Miaka miwili baadaye nilikutana na yule dada sokoni Dodoma, anauza karanga. Alikuwa amenenepa kidogo. Hakurudi Bahi, alisema, na hakuulizia kama Bahi wanamtaka. Mama hajambo, ila hawamwiti tena kwenye kwaya. Tulikaa juu ya magunia. Nikamwomba msamaha, kwa maneno niliyoyaandaa siku nyingi. Akaniacha nimalize.

"Unadhani sikujua?" akasema. "Mama aliniletea kikombe alfajiri, kabla hakujapambazuka. Kilikuwa kinawaka. Uji mzima ulikuwa wa kijani, kwa ndani, polepole, ukizima na kuwaka. Na ni mimi niliyekuwa nakuokotea wale. Nilijua ni nini."

"Ukanywa?"

"Mama alikuwa amesimama pale anatetemeka. Ungefanyaje?"

Mteja akaja, akampimia karanga. Tukaagana kwa kushikana mikono miwili.

Siku hizi nafundisha, na bado nazunguka vijijini msimu ukianza. Nimebadilisha jambo moja tu. Kabla sijashusha begi nawaambia wenyeji wangu, mbele ya watu wote wa nyumba, neno lenyewe bila kulilainisha: hawa wadudu ni sumu, wasiguswe, wasionjwe, ni sumu. Wengi hushtuka, husogeza watoto, tunaelewana.

Mwaka jana nilifikia nyumba moja upande wa mashariki, kwa mke na mume wasiosemeshana. Nilisema maneno yangu kama kawaida. Mume alishaondoka zake kabla sijamaliza. Mke alibaki ameegemea mlango, anavitazama vichupa vyangu.

"Sumu ya kumdhuru mtu mzima?" akauliza.

Nikasema inawezekana.

Akatazama njia aliyopita mume wake, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza kipimo cha chumvi:

"Wangapi?"

Nilivifungia vichupa ndani ya sanduku la chuma, nikalala nalo kitandani, na kulipokucha nilikuwa barabarani nikisubiri gari.